Nafasi ya Mwigizaji Katika Maisha na Tamthilia za Ebrahim Hussein

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili umezoea kuanzia kitabuni na kuishia kitabuni. Mhakiki hutafuta dhamira, huorodhesha wahusika, huainisha tamathali za usemi, kisha hufunga jalada akaamini kwamba tamthilia imehakikiwa. Mwigizaji, yule mtu wa damu na nyama anayesimama mbele ya watu na kuyabeba maneno hayo kwa mapafu yake, hatajwi. Hali hii si ya kila mahali. Katika Urusi ya Kisovieti dola yenyewe ilimpa mwigizaji cheo rasmi cha Msanii wa Watu kuanzia mwaka 1936, na Konstantin Stanislavski alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukipokea. Maisha ya waigizaji wa huko yakaandikwa, mafunzo yao yakahifadhiwa, na namna walivyocheza nafasi fulani ikajadiliwa kwa miongo mingi. Nchini Tanzania mwigizaji wa jukwaani hukumbukwa kwa jina la utani, naye akishafariki sanaa yake hufariki pamoja naye, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuieleza.

Makala haya yanachunguza kazi za Ebrahim Hussein kwa kuanzia upande huo uliosahaulika. Hussein anafahamika kama mwandishi. Hata hivyo, tamthilia zake zikisomwa kwa kufuatana zinaonyesha mtu aliyekuwa akitafuta mwigizaji wa namna fulani, akimpata kwa nusu, akimpoteza, na hatimaye akijaribu kumwondoa kabisa katika umbo alilozoeleka. Hoja inayoongoza uchambuzi huu ni kwamba swali kubwa la Hussein, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwaka 1988, ni nini kinachompata mtu anayesema maneno yasiyo yake mbele ya watu. Swali hilo ni la mwigizaji kabla halijawa la mwanasiasa au la nabii.

Pwani ya Kusini na Sauti Moja

Hussein alizaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini ya Tanganyika, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Lindi. Wasifu wake hutajwa kwa ufupi katika vitabu vingi, na aghalabu Lindi hupitwa kwa sentensi moja ili msomaji afikishwe haraka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Berlin. Haraka hiyo ina hasara. Ukanda unaoanzia Kilwa Kivinje hadi Mitwero na Lindi mjini ulikuwa na sanaa za utendaji zilizomweka mtendaji mbele ya watu kwa taratibu tofauti kabisa na zile za ukumbi wa kizungu, na taratibu tatu zinastahili kutajwa.

Ya kwanza ni utenzi. Lindi ndiko alikotoka Abdul Karim bin Jamaliddini, mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Maji Maji, uliochapishwa Ujerumani mwaka 1933 na kutolewa tena katika Afrika ya Mashariki mwaka 1957. Utenzi ni sauti moja. Msomaji wake huwasemesha majemadari, wahanga na Wadachi bila kubadili vazi wala kuhama alipoketi, na hadhira haimdai afanane na yeyote kati yao. Ya pili ni kinyago. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, mtendaji hufunikwa uso na mwili, na taratibu za jando zikamtaka asitambuliwe kuwa ni fulani wa nyumba fulani. Hapo mtendaji si mtu anayejifanya kitu kingine; kwa muda wa ngoma yeye hayupo. Ya tatu ni ngoma za pepo. Waswahili humwita mtu anayepandwa na pepo kwa jina la kiti, maana pepo humkalia. Kiti hakisemi. Anayesema ni aliyekikalia, na mara nyingi mwenye mwili huja kuambiwa baadaye alichokitamka.

Haidaiwi hapa kwamba Hussein aliketi utotoni akiziandika kanuni za sanaa hizi. Kinachodaiwa ni kwamba zinaeleza tabia za tamthilia zake vizuri zaidi kuliko majina mawili yanayorudiwarudiwa katika tasnifu nyingi, yaani Aristotle na Brecht. Neno kiti hasa litahitajika zaidi ya mara moja.

Kichekesho

Alikiona na Wakati Ukuta, tamthilia zake za mwanzo, hushughulikiwa kwa kawaida kama mazoezi ya kijana. Wakati Ukuta inafuata sura ya mchezo wa sebuleni: binti anayeitwa Tatu anataka kutoka na Swai kwenda sinema, mama anakataa, na ugomvi wa nyumba moja unageuka kuwa ugomvi wa vizazi viwili. Ni jambo la kuzingatia kwamba kinachoivunja nyumba hiyo ni sinema, sanaa nyingine ya waigizaji, ambayo katika miji ya pwani ilikwisha kuwa burudani ya jioni. Tatu anataka kwenda kutazama watu wanaoishi kwa namna asiyoruhusiwa yeye kuishi. Mwigizaji wa tamthilia hii anatakiwa afiche kwamba anaigiza. Akifanikiwa, hadhira inamsahau na kubaki na Tatu. Hussein hakurudi tena kwenye namna hii ikiwa peke yake, na hapana shaka kwamba aliona mipaka yake.

Alikiona ina mizizi katika kichekesho, mchezo mfupi uliozoeleka katika miji ya pwani na kuchezwa kati ya nyimbo za taarabu ili wapigaji wapumzike na watazamaji wasilale. Mke anamzunguka mumewe, watu wananaswa, hadhira inacheka. Kichekesho cha asili hakikuwa na maandishi. Waigizaji walikubaliana kisa, wakaingia, na mengine yote yakatokana na wepesi wa ulimi na jinsi watazamaji walivyoitikia. Watu walikuja kumwona fulani, wala si kumwona mume aliyedanganywa. Mkondo huo haukukatika: vikundi vya Dar es Salaam vya miaka ya 1980 na 1990 viliuendeleza kumbini, na baadaye televisheni na filamu za kanda zikawachukua mabingwa wake, akiwemo Said Ngamba, maarufu Mzee Small, aliyefariki Juni 2014, na Amri Athumani wa Tanga, maarufu King Majuto, aliyefariki Agosti 2018. Hao hawakuhitaji kubadilika kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Mtu yuleyule aliingia kila mara, na hadhira ilishaanza kucheka kabla hajafungua kinywa.

Wahakiki wa fasihi wamewadharau waigizaji hao kwa sababu hawana maandishi ya kuhakikiwa. Hussein hakuwadharau. Katika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika ya Mashariki, aliyoikamilisha katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, kichekesho kinapewa nafasi kama aina ya tamthilia iliyozaliwa mjini kutokana na maisha ya mjini, wala si kama upungufu wa kitu kingine. Msimamo huo ulihitaji ujasiri katika miaka ambayo kila sanaa ilipimwa kwa mchango wake katika ujenzi wa taifa.

Kinjeketile

Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969 na kusomwa shuleni kwa miongo mingi katika nchi zaidi ya moja. Historia iliyo nyuma yake ni maarufu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mnamo Agosti 1905, siku chache tu baada ya mapambano kuanza Umatumbini mwishoni mwa Julai. Utafiti wa G.C.K. Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Umatumbi na maeneo ya jirani, ulikuwa umeanza kutoka wakati Hussein alipokuwa akiandika. Katika utangulizi wa tamthilia mwandishi anatahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Tahadhari hiyo imesomwa kama adabu ya kitaaluma. Inafaa pia kusomwa kama maelekezo kwa mwigizaji.

Itazamwe nafasi yenyewe. Mtu amejifungia ndani, watu wanajiuliza ana nini. Anatoka akiwa ameshikwa, anaelekea mtoni, anazama, na kijiji kinasubiri. Anarudi kutoka majini akiwa mkavu. Anatamka habari za maji yatakayowalinda watu na risasi, na za makabila kuungana kumtoa Mjerumani. Mwigizaji anayepewa nafasi hii anakabiliwa na kazi ya tabaka mbili: anamwigiza mtu ambaye naye, wakati huo huo, si yeye anayesema. Ni kiti juu ya kiti. Akiicheza hali ya kupagawa kwa dhihaka, vita vizima vinakuwa upuuzi wa washirikina. Akiicheza kwa imani kamili, tamthilia inageuka mahubiri. Maandishi hayamwamulii, yanamwacha katikati, na hapo katikati ndipo tamthilia ilipo.

Kiini hasa kinakuja baada ya pepo kuondoka. Kinjeketile, akiwa sasa ni mtu wa kawaida mwenye mke na rafiki, anayapima maneno yaliyotoka kinywani mwake na kugundua jambo la kutisha: katika yale aliyoyasema limo dai kwamba watu watakuwa chini ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Yaani amewakomboa kutoka kwa bwana mmoja ili awakabidhi kwa mwingine, tena bwana aliyekufa tangu mwaka 1856. Nani aliyasema hayo? Hajui. Lakini watu wameyasikia, wameyaamini, na Kitunda anawafundisha vijana vita. Neno limeshaondoka mikononi mwake, limekuwa kubwa kumpita, na kila anapojaribu kuwazuia wasianze kabla ya wakati, wanamwona kuwa ni Kinjeketile mdogo anayempinga Kinjeketile mkubwa.

Wahakiki wengi wameieleza hali hii kama mgongano wa kiongozi na umma, au wa imani na silaha. Maelezo hayo si makosa, ila yanakosa kuona kwamba hii ni hali ya kila siku ya mwigizaji. Mwigizaji hutamka maneno yaliyotoka kwingine, kwa mwili wake mwenyewe, na hadhira huondoka na kile ilichokisikia. Hawezi kuwafuata barabarani kuwaambia kwamba hakukusudia. Ndiyo maana onyesho la mwisho lina uzito wake. Kinjeketile yuko kifungoni. Anatakiwa akiri mbele ya watu kwamba maji yalikuwa uongo. Hata Kitunda, jemadari aliyewaona watu wakianguka mbele ya bunduki za Mahenge, anamsihi aseme hivyo ili kuokoa waliobaki. Anakataa. Hakatai kwa kuwa bado anaamini maji. Anakataa kwa kuwa akilikana neno, watoto wa kesho wataambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Mwigizaji amekubali kubaki ndani ya vazi hadi kufa, akijua kwamba ni vazi.

Katika madarasa mengi swali la mtihani huwa: je, Kinjeketile ni shujaa au mwongo? Swali hilo halina jibu kwa sababu limeulizwa kwa kitabu kilichofungwa. Likiulizwa jukwaani linabadilika na kuwa swali la kiutendaji: mwigizaji asimame vipi, amtazame nani, anyamaze kwa muda gani kabla ya kukataa? Mwigizaji akimtazama Kitunda anapokataa, anamkatalia rafiki, na ukatili wa uamuzi unaonekana. Akiitazama hadhira, anawakabidhi neno wao, na hapo wao ndio watoto wa kesho. Tofauti kati ya tafsiri hizo mbili haimo katika mstari wowote wa maandishi. Mwanafunzi wa Mitwero au wa Kivinje, anayeishi katika nchi ileile ilikochezwa historia hii, aghalabu hukutana na Kinjeketile kama orodha ya sifa za mhusika mkuu, na huikariri bila kuiona hata mara moja ikisimama kwa miguu yake.

Mashetani

Mwaka 1971 ilitoka Mashetani, na ugumu wake umekuwa methali. Inaanza kwa mchezo ndani ya mchezo. Vijana wawili marafiki, Juma na Kitaru, wanaigiza chini ya mbuyu: mmoja ni Shetani, mwingine ni Binadamu. Mchezo unakwisha, au unaonekana kukwisha, kisha Kitaru anaugua. Kuanzia hapo tamthilia inasonga kati ya nyumba mbili. Kwao Kitaru kuna mali mpya ya tabaka lililopanda baada ya uhuru. Kwa upande wa Juma kuna bibi anayeishi na kumbukumbu za mashamba na utukufu wa Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi ya 1964. Uchambuzi wa kitabaka umefanywa mara nyingi na kwa ufanisi, kwa hiyo hauhitaji kurudiwa hapa.

Kilichopuuzwa ni ugonjwa wenyewe. Kitaru anaugua kutokana na kuigiza. Amecheza Binadamu, ameshinda katika mchezo, na sasa hawezi kutoka. Wazazi wanahangaika kutafuta tiba ya mwili na ya akili, ilhali kilichomshika ni swali: katika mchezo ule, ushindi ulikuwa wa nani, na shetani alikwenda wapi? Katika uganga wa pwani pepo anayekalia kiti sharti apungwe, aitwe kwa jina lake, apewe anachokitaka, ndipo mtu arudiwe na nafsi yake. Kitaru hana mganga wa namna hiyo. Daktari hajui jina la pepo, na rafiki yake Juma, anayelijua kwa kuwa ndiye aliyelicheza, ana machungu yake mwenyewe yanayomfunga. Urafiki wao unakufa kwa sababu waliwahi kusimama pamoja jukwaani katika nafasi zilizokuwa za kweli kupita walivyodhani.

Hii ndiyo tamthilia ya Kiswahili inayoiweka taaluma ya uigizaji yenyewe mezani. Kinjeketile alikuwa mwigizaji bila kujijua. Juma na Kitaru wanajua kwamba wanaigiza. Wamekubaliana nani awe nani. Na bado kujua hakuwasaidii. Hapa Hussein anatofautiana waziwazi na fundisho analodaiwa kulibeba.

Suala la Berlin

Fundisho hilo ni la Bertolt Brecht. Imekuwa desturi kugawa kazi za Hussein katika sehemu mbili: kabla ya Berlin, alipofuata kanuni za Aristotle, na baada ya Berlin, alipoongoka. Mgawanyo huu una urahisi unaovutia na ukweli kidogo. Ni kweli kwamba Hussein alisoma katika Ujerumani ya Mashariki, katika mji ambamo kundi la Berliner Ensemble, lililoasisiwa mwaka 1949, lilikuwa bado likicheza tamthilia za Brecht miaka mingi baada ya kifo chake cha 1956. Ni kweli pia kwamba matumizi ya wimbo, msimulizi na matukio yasiyofuatana yanaongezeka katika kazi zake za baadaye.

Brecht alimtaka mwigizaji asimame kando ya nafasi yake, aionyeshe hadhira kama shahidi anavyoonyesha ajali iliyotokea njiani, ili mtazamaji abaki na akili yake na kuhukumu. Stanislavski alikuwa amefundisha kinyume chake: mwigizaji aingie, atafute ndani ya nafsi yake ukweli wa kile anachokicheza. Mara nyingi husahaulika kwamba Brecht aliipata sehemu ya hoja yake Moscow, katika masika ya mwaka 1935, alipomwona mwigizaji wa Kichina Mei Lanfang akicheza nafasi za wanawake bila vazi wala ukumbi wake. Alichokiona kwa Mchina akakiandikia nadharia ya Ulaya. Mkasa huo unapaswa kuwapa tahadhari wale wanaodhani kwamba kila msimulizi katika tamthilia ya Kiafrika ameletwa kwa meli kutoka Hamburg. Utenzi wa Kiswahili ulikuwa na shahidi anayesimulia kabla Brecht hajazaliwa.

Zaidi ya hayo, mwigizaji wa Hussein hafanani na yeyote kati ya hao wawili. Stanislavski anaamini kwamba mwigizaji ataingia na kutoka salama. Brecht anaamini kwamba anaweza kukaa nje. Kinjeketile na Kitaru wanaonyesha hali ya tatu, ambayo mtu wa pwani anaitambua bila kufundishwa: mtu hukaliwa apende asipende, kisha huachiwa hesabu ya kulipa. Nadharia ya Brecht ilimpa Hussein zana. Shaka yake kuhusu usalama wa mwigizaji ilikuwa yake.

Mtambaji

Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizotoka pamoja mwaka 1976, zimeandikwa kwa ushairi huru, na mzigo karibu wote unabebwa na mtambaji. Wahusika wanaitwa na sauti moja na kuondoshwa na sauti hiyohiyo. Katika Ngao ya Jadi kuna shujaa na nyoka anayeuawa, na kuna ulevi wa ushindi unaomrudisha adui kwa mlango mwingine. Somo lake kwa nchi iliyokuwa na umri wa miaka 15 ya uhuru halikufichwa sana. Jambo la kiutendaji lina uzito kuliko fumbo hilo. Baada ya Kitaru kuumwa na nafasi yake, Hussein anampa mwigizaji umbo ambamo hawezi kukaliwa na yeyote kwa muda mrefu, kwa sababu anapaswa kuwa wote. Anamgusa shujaa, anamwacha, anakuwa nyoka, anakuwa kijiji. Ni suluhisho la utenzi.

Suluhisho hilo lina gharama yake, na si lazima mhakiki alisifie kila kitu. Kazi hizi mbili zinahitaji mtendaji mwenye uwezo wa nadra: sauti, kumbukumbu, ufundi wa mwili na mamlaka ya kuishika hadhira peke yake. Mapokeo ya kusimulia hadithi yalikuwa na watu wa namna hiyo. Vyuo havikuwa navyo vya kutosha. Matokeo yake ni kwamba kazi zilizoandikwa kwa ajili ya sauti zimebaki kusomwa kimyakimya, na wasomaji wamezilalamikia kuwa ni ngumu. Ugumu huo kwa sehemu kubwa ni ugumu wa kusoma noti za muziki bila ala. Katika Arusi, iliyochapishwa mwaka 1980, mwandishi anarudi kwenye wahusika wengi na kwenye uchungu wa ndoto ya Ujamaa inayofifia, na utafutaji wa mwigizaji unaonekana kulegea kidogo.

Waigizaji Waliokuwepo

Inafaa kuuliza nani angezicheza tamthilia hizi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kizazi cha watu waliokuwa waandishi, waelekezi na waigizaji kwa wakati mmoja. Amandina Lihamba ni mfano ulio bora. Pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya aliandika Harakati za Ukombozi. Aliandika tasnifu kuhusu siasa na tamthilia baada ya Azimio la Arusha. Na aliigiza katika filamu, zikiwemo Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 na Maangamizi iliyotoka mwaka 2001. Filamu zote mbili zinahusu uponyaji wa jadi na mizimu, kwa hiyo zinamrudisha mwigizaji kwenye swali lilelile la nani anayesema kupitia mwili wa nani. Anayemtazama Lihamba katika Arusi ya Mariamu anaona uigizaji wa utulivu, wa uso usiohangaika, unaoiachia hadhira nafasi. Hiyo ingekuwa sauti inayofaa kwa wanawake wa Kinjeketile, ambao vitabu vya mwongozo huwataja kwa aya moja ilhali wao ndio wanaoufungua mchezo kwa njaa na hofu.

Kumbukumbu za maonyesho ya jukwaani ni chache kuliko za filamu. Maandishi ya tamthilia yanapatikana, ila namna yalivyochezwa, nani alicheza nini na kwa namna gani, ni mambo ambayo uhakiki wa Kiswahili haukuyaona kuwa ni kazi yake. Mtafiti wa Kirusi anayetaka kujua jinsi nafasi fulani ilivyochezwa miaka ya 1930 ana rekodi, picha na shajara. Mwenzake wa Tanzania ana jalada la kitabu.

Ukingo

Katikati ya miaka ya 1980 Hussein aliacha kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuishi maisha ya faragha. Mwaka 1988 ilitoka Kwenye Ukingo wa Thim. Chimbuko lake ni shauri lililoishika Kenya nzima: wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake, Wambui, aliyekuwa Mkikuyu, akabishana mahakamani na ukoo wa Kijaluo wa marehemu kuhusu mahali pa kumzika. Ukoo ulishinda, na maziko yakafanyika Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Katika tamthilia mjane ni Martha na marehemu ni Herbert.

Wengi wameisoma kama tamthilia ya ukabila na haki za mwanamke, nayo ni hivyo. Kwa mtazamo wa makala haya inaonekana pia kama hatua ya mwisho ya utafutaji ulioelezwa. Tangu Herbert anapofariki, mtu muhimu kuliko wote jukwaani hana mwigizaji. Hasemi. Kila mmoja anasema kwa niaba yake: ukoo unajua alivyotaka, mke anajua alivyotaka, mila inajua, sheria inajua. Kinjeketile alikuwa na kinywa kisichokuwa chake. Herbert hana hata kinywa, na maneno yanayowekwa juu yake hayana mtu wa kuyakataa. Martha peke yake ndiye anayekataa kucheza nafasi aliyopangiwa, ile ya mjane anayenyamaza na kufuata taratibu. Mwigizaji anayempokea Martha anapewa kitu ambacho Hussein hakumpa mwigizaji yeyote kabla yake: mtu anayejua tangu mwanzo vazi analovishwa, asiyepagawa wala kuugua, anayelivua mbele ya watu wote. Wakwe wanamchukulia maiti, wanamchukulia nyumba, na anapobaki peke yake jukwaani hakuna pepo wa kupungwa wala neno la kulilinda. Kuna mwanamke aliyechoka, na thim, pori ambalo jamii hulitupia kila kisichokubalika, imeanza hatua chache tu kutoka mlangoni pake.